Usaha Kifuani: Somo la Tundu Dogo na Chupa ya Maji

Mgeni aendaye hospitalini kumjulia hali jamaa yake huweza kuona, chini ya kitanda cha mgonjwa fulani, chupa yenye maji iliyounganishwa na mrija mrefu. Mrija huo hutokea ubavuni mwa mgonjwa. Kila avutapo pumzi, maji yaliyomo katika mrija hupanda kidogo. Kila aitoapo, hushuka. Wengi huitazama chupa hiyo kwa hofu, wakidhani ni dalili kwamba mgonjwa yuko hatarini mno. Kumbe chupa hiyo ni miongoni mwa vyombo rahisi kabisa vya tiba, na kanuni inayoiendesha ni ile ile ifundishwayo katika somo la Fizikia shuleni: kanieneo ya vimiminika.

Makala haya yanaeleza jinsi usaha unavyokusanyika kifuani, kwa nini lazima utolewe, na jinsi madaktari walivyojifunza kuutoa kwa tundu dogo bila kupasua kifua. Jambo moja litajitokeza tena na tena: ukubwa wa tundu litakalohitajika hutegemea zaidi siku ambayo mgonjwa alifika kwa daktari.

MAHALI PENYEWE

Kila pafu limefunikwa na utando mwembamba uitwao pleura. Utando huo hujikunja ukarudi kufunika upande wa ndani wa mbavu, pamoja na sehemu ya juu ya kiwambo, yaani ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo. Hivyo pana tabaka mbili zinazogusana, na kati yake uwazi mdogo sana. Katika mtu mwenye afya, uwazi huo una majimaji takriban robo mililita kwa kila kilo moja ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ana kama mililita 15, kiasi cha vijiko vitatu vya chai, kwa mapafu yote mawili. Majimaji hayo hulainisha tabaka hizo ili zisikwaruzane mtu apumuapo.

Kanieneo katika uwazi huo ni ndogo kuliko ya hewa ya nje. Ukuta wa kifua una tabia ya kutanuka, na pafu lina tabia ya kunywea. Kwa kuwa kila kimoja huvuta upande wake, kanieneo ya katikati hushuka chini ya ile ya angahewa: takriban sentimita 5 za maji mtu akiwa ametua pumzi, na kama sentimita 8 avutapo pumzi ya kawaida. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayolishika pafu likae limetanuka. Tundu likitobolewa kutoka nje, hewa hukimbilia ndani, na pafu hunywea kama puto lililofunguliwa mdomo.

KICHOMI KIGEUKAPO USAHA

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kidato cha pili akaaye Magomeni Mikumi, jijini Dar es Salaam. Jumatatu aamka na homa na kikohozi. Siku ya tatu ashikwa na kichomi: kila avutapo pumzi, ubavu wa kulia humchoma kama sindano. Nyumbani wamnunulia vidonge katika duka la dawa. Homa yapungua, naye aacha vidonge kabla ya kuvimaliza. Baada ya siku chache homa yarudi, safari hii na jasho la usiku. Pumzi ni fupi, naye hawezi tena kulalia ubavu wa kushoto. Kichomi chenyewe kimepungua, na wazazi wafurahi. Lakini kupungua huko si kupona. Tabaka mbili za pleura zimeacha kukwaruzana kwa sababu majimaji yamezitenganisha.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini njia iliyofuatwa na ugonjwa ni ya kweli. Katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwa nimonia, hadi 40 huweza kupata majimaji kando ya pafu. Kwa wengi majimaji hayo hukauka yenyewe nimonia itibiwapo. Kwa baadhi, vijidudu huvuka na kuingia katika majimaji, na hapo safari ya hatua tatu huanza.

Hatua ya kwanza ni ya majimaji mepesi. Mishipa midogo ya damu iliyowashwa na ugonjwa huvuja, na uwazi wa pleura hujaa kimiminika kama maji ya dafu. Huchukua siku chache tu.

Hatua ya pili ni ya usaha na nyuzi. Chembechembe nyeupe za damu huingia kupigana na vijidudu, hufa kwa mamilioni, na mabaki yake huyafanya majimaji kuwa mazito kama uji. Wakati huo huo protini iitwayo fibrini, ambayo ndiyo igandishayo damu kwenye kidonda, hufuma nyuzi kutoka tabaka moja hadi jingine. Nyuzi hizo huwa kuta, na kuta huugawa uwazi katika vyumba. Mfano wake ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita iliyoingiwa na maji ya mafuriko huku milango yote imefungwa: anayechota maji ya chumba kimoja huwa hajagusa vile vingine vitano. Hatua hii huweza kuanza kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Hatua ya tatu ni ya gamba. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu na kuendelea, seli za kovu huingia katika fibrini na kuigeuza kuwa ganda gumu. Pafu hufungwa ndani ya ganda hilo lisiweze kutanuka, hata usaha wote ukitolewa.

KWA NINI DAWA PEKE YAKE HAITOSHI

Mwanafunzi aweza kuuliza: kama vijidudu ndivyo chanzo, kwa nini viuavijasumu visitoshe? Usaha hauna mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Hata dawa inayofanikiwa kupenya hukuta mazingira mabaya. Vijidudu na chembechembe za damu hutumia glukosi yote na kuacha asidi, na katika hali hiyo baadhi ya dawa hupungua nguvu. Vijidudu vyenyewe huzaana polepole, na dawa nyingi huua vizuri zaidi vijidudu vinavyozaana kwa kasi. Kwa hiyo vidonge huweza kutuliza homa huku usaha ukiendelea kukaa pale pale.

Maabara hutumia kemia hiyo kuamua nani atolewe majimaji kwa mrija. Daktari hupiga ganzi, hupitisha sindano kati ya mbavu mbili, na kuvuta majimaji kidogo ya kupimwa. Sindano hupita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mshipa wa damu na neva hufuata ukingo wa chini wa kila ubavu. Yakitoka usaha, uamuzi umekwisha kufanyika. Yakiwa mepesi, hupimwa. Kipimo cha asidi, yaani pH, kikiwa chini ya 7.2 katika mgonjwa wa nimonia, au glukosi ikiwa chini sana, ni ishara kwamba majimaji hayatakauka yenyewe.

Inafaa pia kueleza kwa nini kupiga chuku hakuwezi kutoa usaha huu. Chuku huvuta ngozi na damu iliyo karibu na ngozi. Kati ya ngozi na pleura kuna mafuta, misuli na mbavu, na mvuto wa chuku hauufikii uwazi huo. Anayepigwa chuku huenda akahisi nafuu kwa muda, lakini ndani hakuna kilichotoka, na siku zimepita.

CHUPA YA HAMBURG

Kuutoa usaha kifuani ni tiba ya kale. Waganga wa Uyunani wa wakati wa Hippocrates, yapata miaka 2,400 iliyopita, walipasua kati ya mbavu na kuutoa kidogo kidogo kila siku. Tatizo lililobaki kwa karne nyingi ni hili: njia inayotoa usaha ndiyo hiyo hiyo inayoingiza hewa.

Mnamo mwaka 1875, daktari Mjerumani Gotthard Bülau wa Hamburg alilitatua kwa chupa ya maji. Alipitisha mrija kati ya mbavu, na ncha yake ya pili akaitumbukiza ndani ya maji katika chombo kilichowekwa chini. Kazi ya chupa hiyo yaweza kuelezwa kwa hesabu fupi ya kanieneo:

kanieneo = kina × densiti × mvutano wa dunia

Ncha ya mrija ikiwa sentimita 2 ndani ya maji, kanieneo ya maji hapo ni 0.02 × 1,000 × 10, yaani paskali 200. Mgonjwa akikohoa au kutoa pumzi kwa nguvu, kanieneo ya kifuani huzidi kiasi hicho kidogo, na hewa au majimaji yaliyomo katika mrija husukumwa nje. Avutapo pumzi, kanieneo ya kifuani hushuka, na hewa ya chumbani ingependa kuingia. Lakini haiwezi kuingia bila kupita katika maji, na maji yenyewe hupanda katika mrija. Kanieneo ikishuka sentimita 8, maji hupanda sentimita 8 na kusimama. Maji ni mlango ufungukao upande mmoja tu.

Kutokana na maelezo hayo zatokea kanuni tatu ambazo kila muuguzi huzifuata. Kwanza, chupa hukaa chini ya kiwango cha kifua, kwa kawaida kama mita moja, kwa sababu hata pumzi kubwa haiwezi kuyapandisha maji kimo hicho. Pili, chupa haiinuliwi juu ya kitanda mgonjwa ahamishwapo; ikiinuliwa, maji yatateremka kuingia kifuani kwa uzito wake. Tatu, ncha ya mrija isitoke majini kamwe. Zaidi ya hayo, mrija uliojaa majimaji na kuteremka chini hufanya kazi kama mrija wa kuhamishia mafuta ya taa kutoka debe lililo juu hadi lililo chini: uzito wa kimiminika kinachoshuka hukivuta kile kilicho nyuma yake.

Usaha au majimaji mengi hayatolewi yote kwa mara moja. Madaktari wengi husimama baada ya lita moja na nusu hivi, kwa sababu pafu lililokuwa limenywea kwa muda mrefu, likitanuka kwa ghafula, mishipa yake huweza kuvuja na kulijaza maji.

FUNDISHO LA MWAKA 1918

Uvumbuzi wa Bülau haukukubaliwa na wote. Madaktari wengi waliendelea kukata kipande cha ubavu na kuacha kidonda wazi. Ilihitajika balaa kubwa kuwabadilisha.

Msomaji wa Dar es Salaam anajua kwamba jina la Kariakoo, sehemu iliyo ng'ambo ya bonde la Jangwani ukitoka Magomeni, lilitokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Vita hivyo vilipokuwa vikimalizika mwaka 1918, mafua makali yaliyoenea duniani kote yalifika pia Afrika Mashariki na kuua askari, wapagazi na raia wengi. Katika kambi za jeshi la Marekani vijana wengi waliugua nimonia iliyoletwa na vijidudu vya streptokoki, na usaha ukawajaa vifuani kwa kasi. Walipopasuliwa mapema kwa kidonda wazi, karibu 30 katika kila 100 walikufa, na katika baadhi ya kambi zaidi ya hapo.

Tume iliundwa kuchunguza sababu. Mmoja wa wajumbe wake, daktari mpasuaji Evarts Graham, alionyesha kwamba katika siku za mwanzo tabaka za pleura bado hazijagandamana. Kifua kikifunguliwa wakati huo, hewa huingia, pafu hunywea, na hata pafu la upande wa pili hushindwa kufanya kazi vizuri. Tume ilishauri usaha utolewe kwa njia iliyofungwa, kidonda kisiachwe wazi mapema, na mgonjwa alishwe vizuri. Vifo vikapungua sana. Hivyo wapasuaji walijifunza kwamba tiba iliyo sahihi katika hatua moja ya ugonjwa yaweza kuua katika hatua nyingine.

MRIJA MNENE AU MWEMBAMBA?

Kwa miaka mingi iliaminiwa kwamba usaha mzito unataka mrija mnene wenye upana wa karibu milimita 10. Imani hiyo ilikuwa na msingi katika fizikia. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Poiseuille alionyesha kwamba mtiririko katika mrija hufuata nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne: nusu kipenyo kikiongezeka mara mbili, mtiririko huongezeka mara 16.

Hata hivyo, mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 400 wa Uingereza waliokuwa wamewekewa mirija ya unene mbalimbali. Waliowekewa mirija myembamba hawakufa zaidi, wala hawakuhitaji upasuaji zaidi, kuliko waliowekewa minene. Tofauti iliyoonekana ni maumivu: mirija minene iliumiza zaidi. Je, Poiseuille alikosea? La. Kanuni yake ni sahihi kwa kimiminika kinachofika kwenye mrija. Kizuizi kikubwa kilikuwa kuta za fibrini zilizokizuia kimiminika kisifike. Mlango mpana haumsaidii aliyefungiwa katika chumba kingine.

Siku hizi mrija wa milimita 4 hadi 5 huweza kuingizwa kwa ganzi tu, mgonjwa akiwa macho. Daktari hutazama kwanza kwa mashine ya altrasaundi, ambayo hutumia mwangwi wa sauti zisizosikika na sikio. Mashine hiyo humwonyesha mahali majimaji yalipo, unene wake, na kama kuta zimekwisha kujengeka.

KUVUNJA KUTA BILA KISU

Ikiwa kizuizi ni kuta, basi zivunjwe. Mwaka 1949, Tillett na Sherry wa Marekani walieleza jinsi walivyotia kimeng'enya cha streptokinasi kifuani ili kuyeyusha fibrini. Kwa zaidi ya miaka 50 dawa hiyo ilitumiwa kwa matumaini makubwa. Mwaka 2005, majaribio ya Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 400 yalionyesha kwamba waliopewa streptokinasi hawakupata nafuu kuliko waliopewa maji matupu ya chumvi. Hilo ni funzo kwa kila mwanafunzi wa sayansi: umri wa desturi si ushahidi.

Watafiti hawakukata tamaa. Walitambua kwamba uzito wa usaha hauletwi na fibrini peke yake. Seli zinazokufa huacha nyuzi ndefu za DNA, na nyuzi hizo ndizo zinazoufanya usaha kunata. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 210 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne: waliopewa alteplasi, iyeyushayo fibrini; waliopewa dornasi, ikatayo DNA; waliopewa zote mbili; na waliopewa dawa bandia. Dawa moja moja haikufaa kitu kuliko dawa bandia. Zote mbili kwa pamoja zilisafisha kifua vizuri zaidi. Katika kundi hilo waliopelekwa kwa mpasuaji ndani ya miezi mitatu walikuwa 4 tu katika kila 100, ikilinganishwa na 16 katika kundi la dawa bandia, na muda wa kulazwa ulipungua kwa karibu wiki moja.

Dawa hizo ni ghali. Kwa hiyo linafaa kutajwa jaribio dogo lililotangazwa Uingereza mwaka 2015 kwa wagonjwa 35. Baadhi yao walioshwa kifua kupitia mrija kwa maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 250 mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Usaha wao ulipungua zaidi kuliko wa wale ambao hawakuoshwa. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu ya mwisho, lakini maji ya chumvi hupatikana katika kila hospitali.

Ikiwa mrija na dawa vimeshindwa, kuna njia ya tatu. Mwaka 1910, Jacobaeus wa Stockholm alieleza jinsi ya kutazama ndani ya kifua kwa chombo chembamba chenye taa. Leo kamera ndogo huingizwa kwa tundu la sentimita moja au mbili, na vyombo vingine hupita katika matundu kama hayo. Mpasuaji hutazama kiooni, huvunja kuta na kubandua utando wa usaha. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi, lakini mbavu zake hazitanuliwi kwa vyuma kama zamani. Hata njia hii haitangulii daima. Katika watoto 60 waliochunguzwa London, matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliotiwa dawa ya kuyeyusha fibrini kwa mrija mwembamba walikaa hospitali muda sawa na waliofanyiwa upasuaji wa kamera, tena kwa gharama ndogo zaidi.

Ugonjwa ukifika hatua ya gamba, tundu dogo mara nyingi halitoshi tena. Hapo ndipo kifua hulazimika kufunguliwa na ganda kumenywa kutoka juu ya pafu. Ni upasuaji mkubwa, na mgonjwa aliyekwisha dhoofu huenda asiuhimili.

MAJIMAJI YA KIFUA KIKUU

Nchini Tanzania majimaji ya kifuani hayaletwi na nimonia tu. Kifua kikuu ni chanzo kikubwa, hasa kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mara nyingi majimaji yake ni ya rangi ya manjano kama majani makavu, na chini ya hadubini huonekana zaidi limfosaiti, aina ya chembechembe nyeupe za damu. Hayo kwa kawaida hayahitaji mrija wa kudumu. Mgonjwa hupona kwa dawa za kifua kikuu zinywewazo kwa miezi sita, ambazo hutolewa bila malipo. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa mwaka 1977, na mtaalamu Karel Styblo alishiriki katika kuujenga. Uzoefu wake wa kumfuatilia kila mgonjwa hadi amalize dawa ulikuwa mojawapo ya misingi ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990. Kwa sababu hiyo majimaji na makohozi hupimwa vyote viwili. Kutibu nimonia pale penye kifua kikuu, au kinyume chake, ni kupoteza wiki ambazo mgonjwa hana.

THAMANI YA SIKU

Turudi kwa mwanafunzi wa Magomeni. Kutoka nyumbani kwao hadi kituo cha afya ni mwendo wa miguu. Kituo kikiona dalili za majimaji, humwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Mwananyamala, na ikihitajika hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyo kilomita chache tu ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Umbali huo si mkubwa. Siku alizokaa nyumbani ndizo zilizomchelewesha.

Akifika katika siku za mwanzo, sindano na dawa huenda zikatosha. Akifika katika hatua ya pili, atahitaji mrija na chupa, labda na dawa za kuvunja kuta. Akifika katika hatua ya tatu, atahitaji kisu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi zenye hospitali nyingi umeonyesha kwamba watu wazima kati ya 10 na 20 katika kila 100 wenye ugonjwa huu hufa katika muda wa mwaka mmoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika ugonjwa huu huumiza kifua.

Mwalimu na mwanafunzi hawana mrija wala kamera, lakini wanaweza kuzitambua dalili. Homa inayorudi baada ya kupungua, kichomi kinachofuatwa na pumzi fupi, kushindwa kulalia ubavu mmoja, na nimonia isiyopata nafuu baada ya siku tatu za dawa: kila moja ya hizo ni sababu ya kwenda kupimwa siku hiyo hiyo. Dawa iliyoandikwa na daktari imalizwe. Watoto wapelekwe kuchanjwa. Chanjo dhidi ya vijidudu viwili vinavyoongoza kwa kuleta nimonia kali ziliingizwa katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2009 na mwaka 2013.

MAJARIBIO YA DARASANI

1. Tia maji katika chupa safi ya plastiki iliyo wazi. Tumbukiza mrija wa soda kiasi cha sentimita 2 ndani ya maji. Puliza taratibu, na uangalie viputo. Kisha vuta pumzi kidogo sana kwa mdomo, na uangalie maji yapandapo. Je, hewa imeingia mdomoni? Kila mwanafunzi atumie mrija wake mwenyewe.

2. Pika uji mwepesi na uji mzito, uache upoe. Vuta kila mmoja kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, na ulinganishe muda unaotumika. Kisha weka kipande cha kitambaa mbele ya mdomo wa bomba, ujaribu tena. Ni nini kilichozuia zaidi: uzito wa uji au kitambaa?

MASWALI

1. Mgonjwa avuta pumzi kubwa, na kanieneo kifuani yashuka paskali 1,500 chini ya ile ya angahewa. Maji yatapanda sentimita ngapi katika mrija?

2. Eleza kwa nini chupa yenye maji kidogo mno yaweza kuwa hatari mgonjwa avutapo pumzi kubwa, hata kama ncha ya mrija imo majini.

3. Katika jaribio la mwaka 2011, kwa nini lilihitajika kundi la dawa bandia? Je, ingejulikanaje kwamba dawa mbili zinahitajiana kama lingekuwapo kundi la dawa zote mbili peke yake?

4. Kichomi cha mgonjwa kimetoweka, lakini pumzi yake imezidi kuwa fupi. Eleza kinachotokea kifuani, na utoe ushauri wako kwa jamaa zake.